Turbo kwenye injini ya Prius (1NZ-FXE) ndani ya Probox: ni kweli Atkinson ukiongeza turbo inakuwa Miller?

Kitunguu_Maji

Wakuu, habari za majukumu. Nina Probox ya 2005, injini 1NZ-FE, na kazi yake ni vitunguu. Natoka Mang'ola na magunia manne, siku nyingine matano (najua, msianze), napandisha mpaka Karatu, nashuka Mto wa Mbu, naingia Arusha kabla soko halijachangamka. Injini imeanza kula oili. Lita moja haimalizi safari tatu, na asubuhi nikiwasha, majirani wanauona moshi wa bluu kabla hawajaliona jua.

Muuza spea mmoja alikuwa na 1NZ-FXE iliyotoka kwenye Prius iliyogongwa nyuma. Laki saba tu. 1NZ-FE nzima alikuwa anataka mara mbili yake. Akaniapia kwamba ni injini moja, tofauti ni herufi. Nimeshalipa na sasa hivi iko sebuleni kwangu juu ya tairi, mke wangu hanisemeshi.

Fundi wangu kaiangalia, kasema bloki itakaa bila shida ila nguvu itakuwa ndogo kwa sababu hii ni Atkinson. Suluhisho lake ni turbo ndogo ya gari la sisi 660 aliyonayo kwenye rafu. Usiku nikasoma kwamba Atkinson ukiifungia turbo inageuka Miller, na kwamba Miller ndiyo injini za kisasa. Nikafurahi. Halafu nikaona kompresheni ni 13 kwa 1, furaha ikakata.

Maswali yangu: inawezekana au fundi anataka kujifunzia kwenye gari langu? Intakula (kipoza cha hewa inayotoka kwenye turbo) ni lazima? Na hiyo 13 kwa 1 na turbo juu yake, si itatoboa pistoni?

Mshale_wa_Geji

Mkuu, Atkinson na Miller ni majina ya matangazo tu, kitu ni kimoja. Valvu inachelewa kufunga, kwa hiyo kompresheni halisi ni ndogo, kwa hiyo haigongi (mafuta hayalipuki kabla ya wakati wake). Funga turbo, presha isizidi nusu baa, intakula achana nayo kwa presha ndogo hiyo. Bomba likiwa fupi turbo inajibu haraka. Twende kazi.

Chifu_Mstaafu

Kitunguu_Maji, marahaba, kwa shikamoo ambayo hukunipa.

Nilikaa miaka 29 chini ya sitaha kwenye vyumba vya injini za meli za mizigo. Sasa nipo Kigamboni, natengeneza jenereta za watu na kugombana na kuku wa jirani. Injini za mtindo huu unaouuliza nimelala ukuta mmoja nazo, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite.

Tumalize majina kwanza, maana Mshale kayachanganya. James Atkinson alikuwa Mwingereza wa miaka ya 1880. Injini yake ilikuwa na vyuma vya kuunganisha vya ajabu kati ya pistoni na krenki, ili pistoni isafiri njia fupi ikigandamiza hewa na njia ndefu ikisukumwa na moto. Vyuma hivyo huvikuti kwenye Prius. Ralph Miller ni wa Marekani, hataza yake ilitoka Desemba 1957, na yeye ndiye aliyesema: krenki iacheni ya kawaida, chezeeni muda wa kufunga valvu ya kuingizia hewa, na hewa mnayoikosa leteni kwa kipulizia kilicho na kipoza mbele yake. Ukitaka ukali wa majina, Prius imechukua nusu ya wazo la Miller na kuacha nusu ya pili. Toyota wenyewe wanaiita Atkinson, na mwenye mali ndiye anayempa mwanawe jina.

Sasa chukua karatasi, maana hapa ndipo Mshale kapatia nusu na nusu nyingine itakugharimu.

Kwenye 1NZ-FXE ya Prius ya kizazi cha pili, valvu ya kuingiza hewa inafunga kati ya nyuzi 72 na nyuzi 105 za mzunguko wa krenki baada ya pistoni kufika chini kabisa. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu, ndiyo inayochagua ni wapi katikati ya hapo. Pistoni inashuka, inavuta hewa, inafika chini, inaanza kupanda, na valvu bado iko wazi! Hewa inasukumwa kurudi ilikotoka, inaliwa na silinda jirani. Nimepiga hesabu kwa mwendo wa pistoni wa milimita 84.7: valvu ikifunga kwenye nyuzi 105, pistoni imebakiza kama 44% ya njia yake. Kompresheni halisi hapo ni kama 6 kwa 1. Ikifunga kwenye 72, imebakiza kama 72% na kompresheni halisi inakaribia 10 kwa 1. Ile 13 kwa 1 iliyokutisha ni ya upande wa moto: gesi ikishawaka inaisukuma pistoni njia yote mpaka chini. Inagandamiza kidogo, inatanuka sana, ndiyo siri ya ulaji wake mdogo wa mafuta. (Na fundi akiipima kompresheni kwa geji akakuta namba ndogo, asije akakwambia imekufa. Namba ndogo ni maumbile yake. Aangalie kama silinda zote nne zinalingana.)

Gharama yake ndiyo hiyo aliyokwambia fundi. Injini ya lita moja na nusu inabaki na hewa ya injini ndogo kuliko hiyo. Prius ya pili ilitoa farasi 77 hivi kutoka kwenye injini hii, Probox yako ikiwa mpya ilivuka 100. Prius haijali kwa sababu ina mota ya umeme inayosukuma pale injini inapolegea. Wewe una magunia matano na hakuna mota.

Basi Miller anasema leta kipulizia. Hesabu yake ni nyepesi: kama valvu inakubakizia 72% ya nafasi, ili kurudisha hewa yote unahitaji presha ya mara 1.4. Kama inakubakizia 44%, unahitaji zaidi ya mara 2.2. Na hapo ni usawa wa bahari, kwetu Kigamboni. Karatu iko mita kama 1,500, hewa yake ni pungufu kwa kama 16%, na hilo turbo italilipa kwanza kabla haijaanza kukupa chochote.

Mtu atauliza, kuna faida gani kutoa hewa kwa mlango huu na kuirudisha kwa mlango ule? Faida iko kwenye joto. Umewahi kujaza baiskeli upepo ukashika pampu kule chini? Inaunguza. Hewa ikigandamizwa inapata moto. Pistoni ikigandamiza, ule moto unabaki ndani ya silinda, hakuna wa kuutoa. Turbo ikigandamiza, moto uko nje kwenye bomba, na kwenye bomba unaweza kuweka kipoza. Hewa ya nyuzi 30 ukiipeleka kwenye presha mara mbili kwa turbo ya kawaida inatoka na nyuzi kama 120. Ipitishe kwenye kipoza kizuri, itoke na 50. Umefanya sehemu ya kazi ya pistoni nje ya silinda, ukaiosha joto, ukairudisha ndani. Ndiyo maana injini haigongi. Kwa hiyo, Mshale mwanangu, intakula kwenye Miller ndiyo Miller yenyewe. Ukiiacha umebeba kapi, mchele umeuacha shambani.

Melini tulikuwa na kipoza kikubwa kama kabati la nguo, kinapozwa kwa maji. Tukipita Mlango wa Malaka, hewa imejaa unyevu, kila zamu nilikuwa nashuka na tochi kufungua koki ndogo chini ya kipoza. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, dakika nzima, safi, ya uvuguvugu. Kadeti mmoja akaniuliza bomba limepasuka wapi. Halikupasuka popote. Ilikuwa hewa ya angani, imegandamizwa, imepozwa, ikatema maji yake. Tangu siku hiyo sijahitaji mtu wa kunieleza kwamba kipoza kinafanya kazi.

Sasa kwa nini nakukataza.

Turbo inaishi kwa moshi wa ekzosi. Mtindo huu wa injini umeutanua moshi mpaka ukachoka: pistoni imeshakula ile nguvu ambayo turbo ingeila. Moshi unatoka na presha ndogo, joto dogo, na kiasi kidogo kwa sababu hewa yenyewe iliyobaki silindani ni kidogo. Kule kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,500, ambako wewe unatambaa na vitunguu juu ya mawe, turbo itakuwa imelala. Utakuwa na injini dhaifu ya Prius na chuma cha ziada kinachoziba njia ya ekzosi. Wenye viwanda walilijua hili. Mazda walipotoa Eunos 800 mwaka 1993, injini ya V6 ya lita 2.3 inayofuata Miller, hawakuweka turbo. Waliweka supachaja ya skrubu mbili inayozungushwa na krenki, ili ipulize tangu chini, haisubiri moshi.

La pili ndilo litakaloua pistoni. Utaendesha injini hii kwa kompyuta ya Probox, sivyo? Kompyuta ile haijui kwamba kamshafti, chuma kinachofungua na kufunga valvu, ni ya mtu mwingine. Ikiona umekanyaga, VVT-i inavuta kamshafti mbele. Yaani palepale presha ya turbo inapoanza kuja, valvu inaanza kufunga mapema, kompresheni halisi inapanda kutoka 6 kuelekea 10, na cheche inapigwa kwa ramani ya injini isiyo na turbo. Mambo matatu yanaelekea pabaya kwa pamoja, mlimani, na mzigo. Utasikia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Baada ya hapo ni ringi na kuta za pistoni.

Na la tatu, dogo: vyuma vya ndani vya FXE vilitengenezwa vyepesi kwa sababu Toyota waliifunga isizidi mizunguko 5,000. Sivilaumu, havikuumbwa kwa shida zako.

Note_ya_Rongai

Hamjambo kutoka Kenya. Chifu ameeleza vizuri sana, wacha niongeze ya barabarani kwa sababu mimi naendesha hicho kitu kila siku bila kujua jina lake mpaka juzi.

Niko na Nissan Note ya 2014, ile imeandikwa DIG-S nyuma. Silinda tatu, lita 1.2, kompresheni 12 kwa 1, na supachaja ndani. Farasi 98. Hii ni Miller kutoka kiwandani. Supachaja inazungushwa na mkanda lakini iko na klachi ya umeme, kama ile ya kompresa ya AC. Ukitembea pole mjini klachi inaachia, supachaja inalala, unachoma mafuta kidogo. Ukikanyaga, klachi inashika. Ukizima redio unaweza kuisikia: *tak*, halafu sauti nyembamba kama mbu ameingia kwa dashibodi.

Mwaka jana nilipeleka gari kwa fundi mmoja, simtaji, kwa sababu ya mlio tofauti kabisa kwa gurudumu la mbele. Akaona waya ya hiyo klachi, akaamua ni ya AC imeharibika, akaichomoa na kuifunga na tepu. Hakuniambia. Mjini sikuona kitu. Jumamosi tukaenda Naivasha watu wanne, wakati wa kurudi tukapanda ile barabara ya Mai Mahiu. Wacha! Lori la mahindi lilitupita. Mama mkwe akaniuliza kama nimekanyaga breki. Taa ya injini ilikuwa inawaka tangu Alhamisi, na mimi, mtu mzima, nilikuwa nimeifunika na stika.

Tulirudisha waya na gari ikarudi. Hapo ndipo nilielewa kile Chifu anasema: hiyo injini bila kipulizia ni nusu ya injini. Nissan waliihesabu na supachaja ndani ya hesabu. Toa supachaja, unabaki na valvu inayorudisha hewa nje na hakuna anayeileta tena.

Kitunguu_Maji

Shikamoo Chifu, na uniwie radhi kwa ile ya kwanza.

Nimesoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, fundi akiwa amekaa pembeni. Kakubali hilo la kompyuta, hakulifikiria. Lakini kanibana na swali, nami nakubana nalo: kama turbo na mtindo huu haviendani, mbona Harrier za 2017 zina turbo na watu wanasema zina Atkinson? Na hizo meli zako zilikuwa na turbo, si supachaja. Kwa nini huko iliwezekana?

Chifu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Fundi wako ana akili, usimfukuze.

Harrier ile ina 8AR-FTS, lita mbili. VVT yake ya upande wa hewa ina uwezo mpana kuliko ya kawaida, kwa hiyo inabadilisha tabia. Ukiwa huna haraka valvu inachelewa kufunga na injini inakula kidogo. Ukikanyaga, inarudi kuwa injini ya turbo ya kawaida. Mtindo mmoja kwa utulivu, mtindo mwingine kwa kazi, na kompyuta moja inayojua yote mawili. C-HR ya lita 1.2 ni mdogo wake, tabia hiyohiyo. Hapo turbo na Atkinson wanaishi nyumba moja lakini kila mtu ana zamu yake.

Walioviweka pamoja kwa wakati mmoja ni Volkswagen. Injini yao ya 1.5 TSI ya kilowati 96 inafunga valvu mapema, kabla pistoni haijafika chini (njia nyingine ya kubakiza hewa kidogo silindani), na kompresheni ya kiwandani ni 12.5 kwa 1. Walikutana na tatizo lako lilelile, moshi uliochoka. Wakaweka turbo yenye mabawa yanayojifungua na kujibana kuzunguka tabaini, lile gurudumu linalozungushwa na moshi: moshi ukiwa kidogo, mabawa yanabana njia ili upite kwa kasi. Turbo za namna hiyo ni za kawaida kwenye dizeli. Kwenye petroli zilikuwa ghali mno kwa sababu moshi wa petroli una moto wa kuyapinda yale mabawa. Miller ikawapa afueni, kwa kuwa moshi wake umepoa, ukomo wao ni kama nyuzi 880, vyuma vya bei nafuu vikatosha. Ugonjwa ukaleta dawa yake. Hilo linanifurahisha mpaka leo. Ila turbo ya sisi 660 ya kwenye rafu haina mabawa hayo.

Meli sasa. Meli inatoka bandarini, inapanda mwendo, halafu injini inakaa kwenye mzigo uleule siku kumi na mbili. Turbo inapenda maisha ya namna hiyo. Hakuna kukanyaga na kuachia, hakuna tuta, hakuna trafiki. Unaichagulia turbo mahali pamoja pa kufanyia kazi na unaitengeneza kwa ajili ya hapo. Kilichosukuma Miller kwenye meli zaidi ya mafuta ni sumu ya moshi, oksidi za naitrojeni. Zinazaliwa pale moto unapozidi ndani ya silinda, na Miller inapunguza kilele cha moto. Meli zilizoanza kujengwa kuanzia 2011 zilibanwa na kanuni ya pili ya kimataifa ya hizo oksidi, na watengenezaji wengi wa injini za dizeli wakakimbilia kwenye kamshafti zinazofunga valvu mapema na turbo zenye presha kubwa.

Lakini usidhani tulistarehe. Kwenye mzigo mdogo ile injini ilikuwa mgonjwa. Nakumbuka tukitoka gati pole pole, nahodha anaomba mwendo kidogo kidogo, turbo imelala, valvu inafunga mapema, hewa haitoshi, dizeli haiungui yote. Moshi mweusi, mzito, ukashuka juu ya boti ya rubani wa bandari. Yule bwana alivaa shati jeupe. Alipopanda tena safari iliyofuata alivaa la bluu.

Ndiyo maana watu kama Wärtsilä waliweka kifaa cha kuchelewesha kufunga valvu wakati wa mzigo mdogo: unawasha na injini ya kawaida, ukishapata mzigo unahamia Miller. Na presha ikizidi uwezo wa turbo moja, wanapanga mbili mfululizo na kipoza katikati. Wärtsilä 31 ya mwaka 2015 iko hivyo, turbo za ngazi mbili, na ilipotoka iliingia kwenye rekodi za Guinness kama dizeli ya mapigo manne yenye ufanisi kuliko zote, gramu 165 za mafuta kwa kila kilowati-saa kwenye hali yake bora. Umeona kinachojirudia? Kila aliyefanikiwa alikuwa na njia ya kuiondoa Miller pale hewa haitoshi, au kipulizia kinachoamka hata moshi ukiwa kidogo. Wewe huna hata kimoja kati ya hivyo.

Ushauri wangu: fungua injini yako ya zamani, piga ringi na sili za valvu, angalia silinda kama zimeliwa. Itakugharimu chini ya hiyo turbo na mabomba yake. Magunia yawe manne.

Mshale_wa_Geji

Chifu nimekusikia, hili la moshi uliochoka sikulijua. Lakini usifunge mlango moja kwa moja. Ukichukua bloki na pistoni za FXE ukaweka kamshafti ya FE, na kompyuta ya kupanga upya, inakuwa injini nzuri. Kuna watu wamefanya.

Chifu_Mstaafu

Wamefanya, kweli. Ila ukishaweka kamshafti ya FE, valvu inafunga kama kawaida na 13 kwa 1 inaanza kukaribia kuwa ya kweli. Bila turbo, kwa mafuta mazuri na mtu anayejua kupanga cheche, itaenda vizuri. Na turbo, hapana. Na hapo tumeshaitoka Miller kabisa, tunazungumzia gari la mashindano. Huyu anabeba vitunguu.

Note_ya_Rongai

Na mke hamsemeshi.

Kitunguu_Maji

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu na mrejesho.

Injini ya zamani imefunguliwa. Silinda hazijaliwa, ringi za oili zilikuwa zimeganda na kaboni, hazichezi kabisa, ukizisukuma kwa kucha hazisogei. Sili za valvu ngumu kama plastiki ya ndoo. Tumebadilisha vyote, gasketi mpya, na jana nimepanda kutoka Mang'ola na magunia manne. Moshi hakuna. Kijiti cha oili hakijashuka.

Imebaki FXE. Muuza spea hataki kuirudisha, anasema biashara ni biashara. Bado iko sebuleni, sasa imewekewa kitambaa. Kuna matumizi yoyote au niiuze kwa kilo?

Chifu_Mstaafu

Usiiuze kwa kilo hata kidogo. Injini hii inapenda maisha kama ya meli: mwendo mmoja, mzigo mmoja, saa nyingi. Huko Mang'ola watu hawavuti maji ya kumwagilia?

Kitunguu_Maji

Mjomba wangu anavuta kwa pampu ya dizeli iliyochoka, analima ekari tatu za vitunguu. Kila siku analalamika bei ya dizeli.

Chifu_Mstaafu

Basi tumefika. Bila turbo, acha ilivyo. Iweke kwenye mizunguko 2,500 hivi, ifunge na pampu ya maji. Ina nguvu ya kutosha ekari tatu na ziada, na hapo ndipo ulaji wake mdogo utauona. Petroli ni ghali kuliko dizeli kwa baadhi ya misimu, pigeni hesabu ya lita kwa saa kabla hamjashangilia.

Mambo ya kuangalia: Prius haina stata wala alternata ya kawaida, kwa sababu ile mota kubwa ndiyo huiwasha. Kwa hiyo utahitaji gurudumu tegemeo lenye meno na nyumba yake kutoka kwenye 1NZ-FE yoyote, na stata yake. Waya na kompyuta tafuta za 1NZ-FE iliyokufa. Kwenye mzigo wa kudumu bila turbo, ile tabia ya VVT-i niliyokutisha nayo haina madhara, hata itasaidia. Rejeta iwe kubwa na feni iwe ya umeme, maana pampu haitembei, hakuna upepo wa kuipoza.

Nitumie kipenyo cha bomba la kuvutia maji, na urefu kutoka maji yalipo mpaka shamba linapoanza. Mita za kupanda hasa, siyo za kutembea.

Kitunguu_Maji

Bomba ni inchi tatu. Kupanda nitampigia mjomba kesho, yeye hupima kwa kamba na jiwe. Mke kauliza inaondoka lini, nimemwambia Jumapili. Kanisemesha.